Barua kwa mdogo wangu aliyesema hana ubunifu

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniambia, "Dada, mimi ni wa kushona tu, ubunifu wanao watu wengine." Ukaongeza kwamba siku hizi kila mteja anakuja na picha kwenye simu, nawe unakata kama picha ilivyo. Maneno hayo yaliniuma, nikalala nayo.

Itazame hiyo khanga uliyojifunga. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyokuja na Wareno, vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora. Walichukua sita, wakazikata tatu tatu, wakaunganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu, wakapata nguo pana ya kujifunga. Nyuzi zilikuwa zilezile, rangi zilezile. Walichobadilisha ni mahali pa kupitishia mkasi. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa, yenye pindo na mji, yaani ile sehemu ya katikati. Jina la khanga, yaani yale maneno yanayoandikwa juu yake, lilichelewa kuja. Anayetajwa sana kwa kuliweka, mwanzoni mwa karne ya 20, ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla. Yeye alikuwa mwenye duka. Wale wa mkasi hakuna aliyeandika majina yao, na hilo linanihuzunisha kila nikilikumbuka.

Nao walianza na kero: leso moja haikutosha kufunika mwili. Kero unazo tele hapo kibandani, ila unazisikia na kuziacha zipite. Nunua daftari dogo, ulitundike kwenye msumari karibu na cherehani. Mteja akirudisha nguo, andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe: "linanibana nikiinua mkono", "siwezi kupanda nalo bodaboda". Usitafute jawabu siku hiyohiyo. Andika tu.

Mimi lilinisaidia hivi. Ndani ya miezi miwili kina mama watatu walilalamika kwamba gauni la kitenge haliwaruhusu kunyonyesha bila kuvua nusu ya nguo. Mmoja ningempuuza, watatu wakiwa kwenye ukurasa mmoja, nilishindwa. Nikajaribu kuficha zipu chini ya mkunjo wa kifuani, kwenye mabaki ya kitambaa. La kwanza lilijikunja likawa kama mdomo ulionuna. La pili zipu ilimchoma mtoto shavuni, nami nikajisikia vibaya sana. La tatu nikaachana na zipu, nikalaza pande mbili moja juu ya nyingine, na mpaka leo ndilo gauni ninaloulizwa zaidi.

Kwa hiyo tenga siku moja kwa wiki, hata kwa muda wa saa mbili tu jioni wateja wakipungua, ukate kitu ambacho hakuna aliyekuagiza. Tumia mabaki, au shuka kuukuu, usiogope kuharibu. Na picha za wateja endelea kuzishona, ndizo zinazolipa kodi. Ila kabla hujaanza kukata, muulize mwenye picha: hili gauni unakwenda nalo wapi, utakaa au utasimama, utabeba mtoto?

Nikija Idi nataka kuliona hilo daftari. Na usinifiche vilivyoharibika, viweke kwenye mfuko tuvitazame pamoja.

Dada yako