Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watunza Rejista za Wagonjwa

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ninawasilisha taarifa ya mwaka. Mafunzo mawili ya kuingiza takwimu katika CTC2, kanzidata ya kliniki za matunzo na tiba ya VVU (CTC), yalifanyika, vituo vilitembelewa na kalenda ilichapishwa, hayo mnayajua. Wanachama ni 58, waliolipa ada ni 23, na waliohudhuria mkutano wa Agosti ni 16, ambao wanne kati yao waliondoka baada ya chai.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa Machi wa kujitoa katika utafiti ambao ungewapatia baadhi yetu posho. Imesemwa, tena katika vikao nisivyoalikwa, kwamba mwenyekiti amewanyima watu riziki. Ukweli ni kwamba tulitakiwa tujaze uzito na CD4 (hesabu ya chembe za kinga ya mwili) zilizokosekana kwa wastani wa kituo, na wateja wasiorudi kliniki tuwafute ili rejista ionekane safi. Mimi ndiye niliyekataa, na kamati ikaniunga mkono, ingawa mjumbe mmoja alitaka tusubiri kwanza malipo ya awali.

Kila aliyefanya kazi CTC anafahamu kwamba visanduku vya rejista haviachwi vitupu kwa sababu moja tu. CD4 ikikosekana kwa kuwa mashine ilikuwa mbovu wiki nzima, pengo hilo halichagui mteja. Lakini uzito ukikosekana kwa kuwa mteja aliletwa amebebwa na hakuweza kusimama kwenye mizani, pengo lenyewe ni habari ya ugonjwa wake, na kumwandikia wastani wa kituo ni kumponya kwa kalamu. Mtakwimu Donald Rubin alizitenganisha aina hizi za mapengo tangu mwaka 1976, na njia aliyoiendeleza baadaye, ya kukadiria thamani iliyokosekana mara kadhaa na kuunganisha matokeo ili mashaka yasifichwe, humfaa mchambuzi anayejua chanzo cha pengo. Wa kumweleza chanzo hicho ni sisi tunaoshika kadi za wateja.

Kuhusu watoro, yaani wateja wasiorudi kliniki, uchambuzi wa tafiti 17 uliochapishwa mwaka 2009 juu ya programu za ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, katika nchi zenye uwezo mdogo ulionyesha kwamba, kati ya waliotafutwa na hali zao zikajulikana, takriban asilimia 40 walikuwa wamefariki. Tukiwafuta watu hao, dawa itaonekana kuokoa wengi kuliko ilivyookoa. Tukiwahesabu wote kuwa wamekufa tutakosea pia, maana wapo waliohamia kituo kingine bila barua na wanaendelea na dozi.

Ndiyo maana tangu Aprili tumeagiza kila pengo liandikiwe sababu yake. Waliolalamika kwamba idadi ya "haijulikani" imepanda na wasimamizi wao wanawakaripia wana haki ya kusikilizwa, lakini mapengo hayo yalikuwapo hata kabla ya Aprili, yamefunikwa tu. Vituo vilivyotekeleza agizo ni vitatu, kimojawapo ni changu.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kupata fedha za vocha za kuwapigia simu watoro. Mfadhili bado tunamtafuta. Sasa namkaribisha Mhazini asome hesabu, ikiwa akidi imetimia.