Barua kwa Mwanangu: Zima Kamera ya Juu

Stendi ya Nanenane, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Hujambo huko Manyoni, na shangazi yako anaendeleaje? Sisi huku wazima. Mama yako anakusalimu, ila anasema simu hiyo ulinunuliwa uangalizie matokeo ya kidato cha nne, siyo uendeshee teksi. Nimefikisha ujumbe kama nilivyotumwa. Sasa tuongee ya kwetu.

Picha ya huo mchezo wako wa kuendesha teksi kwenye simu nimeiona: nyota tatu, umepaki usiku katikati ya magari mawili na koni zote zimesimama. Niliwaonyesha wenzangu hapa kijiweni, mmoja akaupakua mchezo wenyewe wakati tunasubiri mabasi ya Mwanza, na simu ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono. Watu wazima, wenye leseni tangu wewe hujazaliwa, wanagonga nguzo za taa. Mzee wetu wa kijiwe ilipofika zamu yake aliinamisha simu kama anayemimina uji, gari likapanda juu ya kituo cha basi likabaki hapo. Tulicheka hadi abiria akatupita akaenda zake kwenye bajaji.

Uliuliza kama siku ukirudi nitakuachia gari uliendeshe kutoka stendi hadi nyumbani. Hapana. Wala usidhani sikuamini. Una miaka 17 na leseni inataka 18. Tena gari hili lina namba nyeupe, ni la biashara, mwenye mali ni tajiri na kila jioni nampelekea hesabu yake. Likipata hata mkwaruzo mikononi mwa mtu asiye na leseni, sina pa kusimamia mbele yake wala mbele ya trafiki.

Lakini kuna miezi kadhaa kabla hujafika 18, na mchezo huo sitaki uache. Nataka uucheze vingine.

Kwanza zima kamera ya juu. Najua ndiyo inayokupa nyota, kwa sababu unaliona gari lote kama mwewe anavyoona vifaranga, na kila pembe yake na kila koni. Kwenye gari la kweli hakuna mtu anayekaa huko juu. Unakaa kwenye kiti, mbele una boneti ambayo mwisho wake huuoni, nyuma una kioo cha ndani, na saiti mira mbili ambazo kila moja inaficha kitu. Kupaki ndiyo kazi ya kukisia hicho kilichofichwa. Kwa hiyo weka kamera ya ndani, ile inayoonyesha usukani na dashibodi, halafu urudie hatua zote kuanzia ya kwanza. Utagonga sana. Gonga tu, huko hakuna fundi wa kupiga bodi wa kumlipa.

Ukiwa humo ndani, angalia jambo hili ambalo wanaojifunza wengi hulichelewa. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona, ya nyuma yanafuata. Ukiweka rivasi ukakata usukani kulia, mkia unaenda kulia sawa, lakini pua inafagia kushoto. Mtu mpya macho yake yote yako nyuma, anashangilia mkia unavyoingia, kumbe pua imeshamfikia mwenye bajaji aliyesimama pembeni anahesabu chenji. Kwenye mchezo wako pua ikigusa inalia mlio mmoja na nyota inapungua. Hapa Nanenane inalia milio mingi, na mingine siwezi kukuandikia.

Na uzoee kuingia kwenye maegesho kinyumenyume, hata pale mchezo unapokuruhusu kuingia kwa mbele. Dereva wa teksi hupaki pua ikiangalia barabara. Mteja akipanda, unawasha unaondoka. Aliyepaki kwa mbele ndiyo kwanza anaanza kurudi nyuma, katikati ya wapagazi, mabegi na wauza maji.

Jambo la pili ni upande. Teksi yako ni ya njano, usukani uko kushoto, na mji mzima unapita kulia kama Marekani. Hilo linanisumbua kuliko hizo koni. Sisi tunapita kushoto, na kwenye kipilefti tunazunguka kufuata mshale wa saa, tukimpisha anayetoka kulia. Macho yakizoea kutafuta gari upande wa kushoto kwanza, siku ya kweli yatakwenda hukohuko yenyewe, na lori la kutoka Singida linakujia kulia. Ingia kwenye mipangilio utafute kama unaweza kubadili upande wa barabara. Kama haiwezekani, futa huo mchezo utafute mwingine wenye usukani kulia. Nyota zako zitapotea, najua, pole.

Mwendo sitauandikia mengi. Kwenye makazi sheria inasema kilomita 50 kwa saa, na hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Yaani sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu haujagusa breki, gari limeshakula hizo mita 14. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali ambao breki inautaka hauwi mara mbili, unakuwa mara nne hivi. Gari la kwenye simu linasimama pale ulipobonyeza. Mvua yake nayo ni ya kuchorwa. Hapa mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi la miezi yote ya kiangazi, lami inateleza kuliko itakavyoteleza wiki mbili baadaye, na ndizo siku ambazo mafundi wa bodi hawalali.

Mafuta nayo, umenifurahisha. Tangi likikauka unaangalia tangazo, linajaa. Ukipata tangazo kama hilo la kwangu nitumie, nitaliangalia usiku kucha.

Ila kitu ambacho huo mchezo hauna kabisa ni abiria. Ndiyo, yupo mtu anayesimama kando ya barabara na kupunga mkono, lakini akishaingia ananyamaza, mstari wa bluu unachorwa barabarani hadi anakokwenda, anashuka, sarafu zinalia. Mimi jana usiku nimempata mama ametoka kijijini, ana kuku wawili kwenye tenga na simu iliyokwisha chaji. Anakwenda Kisasa kwa mwanawe. Kisasa wapi? “Karibu na mbuyu.” Mwanangu, Dodoma hii! Tukaanza kuuliza mbuyu mmoja mmoja. Kumbe shida haikuwa njia, alikuwa na aibu kuniambia kwamba nauli tuliyopatana angelipa mwanawe, na hakuwa na hakika kama yuko nyumbani. Ilibidi nimsikilize kwa sauti yake, nisimtishe, halafu nimpe simu yangu ampigie, namba aliikumbuka kichwani.

Na wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, napata mwingine kabisa: suti, simu mbili, anataka kufika Mtumba, kwenye mji wa Serikali, sasa hivi na anakuhimiza upite taa nyekundu. Yule naye unamwendesha, lakini mguu unabaki kuwa wako. Treni ya SGR ikishusha watu usiku, kuna binti wa umri wako anakaa kiti cha nyuma ameshika mlango. Huyo sipigi naye stori. Nawasha taa ya ndani, namwomba ampigie nduguye amtajie namba ya gari langu, tunakwenda.

Ukifikisha 18 tutakwenda kuuliza ada za mafunzo ya udereva pale VETA, na ninaanza kuweka kidogo kidogo kuanzia sasa, kinachobaki baada ya hesabu. Hilo mama yako analijua na amekubali, ingawa alikubali huku anafunga mlango.

Kwa sasa nitumie picha za kamera ya ndani, hata ukipata nyota moja. Mzee wa kijiwe ameshasema hutavuka hatua ya tano, nami nimemwekea soda.

Msalimie shangazi, mwambie asali aliyoituma imefika salama. Bando nimekurushia.

Ni mimi baba yako.