Barua kwa mwanangu: hukati mafuta, unakata mifupa

Mwanangu Zuhura,

Salamu na dua nyingi. Binti yako amenitumia picha yako ya juzi, nikaiangalia mpaka miwani ikaingia ukungu. Kupungua kilo 11 si mchezo, hongera, na lile gauni la kijani sasa linakukaa. Lakini huo mkono ulioshika pochi umebaki fimbo. Nikamuuliza unakula nini. Asubuhi chai ya ndimu, mchana tango, usiku supu ya kabeji. Samaki je? "Bibi, mama hali samaki, anasema anakata."

Unakata nini, mifupa?

Una miaka 53, na hedhi imekoma huu mwaka wa tatu. Estrojeni, homoni ya kike iliyokuwa ikiuchunga mfupa, imeshuka, na miaka hii ya mwanzo ndiyo mfupa unapolika mbio. Kupunguza mwili nako hupunguza mfupa. Wewe umeyabeba yote mawili kwa mpigo! Nesi aliyenifungua plasta mwaka jana alinieleza nikamwelewa: mfupa ni kama nyumba ya udongo. Protini ndiyo fito, kalsiamu ndiyo udongo. Wewe unameza vidonge vya kalsiamu, sawa, unakandika wapi bila fito? Tena protini husaidia tumbo kuifyonza hiyo kalsiamu, na hushikilia misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Haizuii hasara yote, ila inaipunguza.

Umri wetu huu hutakiwa gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Una kilo 70, basi ni gramu 70 kwenda 84. Yai moja ni kama 6, gilasi ya maziwa 8, kipande cha samaki cha kujaa kiganja 20 na ushei. Tango ni maji. Ila kapime figo kwanza, unajua babako alivyotaabika. Mwenye figo mbovu haongezi protini bila daktari.

Mimi sikuanguka kutoka darini kama mnavyosimulia huko Mombasa. Niliteleza hapo dakani mlangoni, nikajishika kwa kiganja, basi, kifundo kikalia kama kijiti cha mkaa. Na ule mtindo wangu wa kuwagawia nyinyi vipande vya nguru, mie nikichovya wali kwenye mchuzi, usiniige. Nilidhani ndio umama.

Nasikia pia unasema ulianza kujinyima kwa sababu ya yale maneno ya siku ya Idd kuhusu mwili wako. Shangazi yako ndiye aliyeanza, mie nilicheka tu. Nisingecheka.

Kula samaki, Zuhura. Punguza mahamri na sukari, samaki mwache. Na utembee, Nyali huko mnapanda gari hata kwenda dukani.

Boriti ya ukumbini imeliwa na mchwa, fundi anataka nne mpya, mwambie nduguyo alete zamu yake. Paka amezaa tena ndani ya kabati la vitambaa.

Nimempa dereva wa basi la Mokowe kikapu: kunde kilo mbili, mbaazi, na ng'onda wa papa. Mroweke usiku kucha chumvi itoke. Kikapu nirudishie, si changu.

Mamako,
Langoni, Lamu