Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika. Mwaka huu, katika kazi yetu ya kupanda miti kando ya Mto Nairobi, tumebisha hodi kwa wenye mashamba zaidi kuliko tulivyopanda, na naona tulifanya vyema.

Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na kabla haujafika mjini unapita katika mashamba madogo ya Dagoretti, yenye wenyewe. Wakati wa mafuriko ya 2024 Serikali iliamuru watu wahame mita 30 kutoka mitoni, na nyumba zikabomolewa katika mitaa ya Mathare na Mukuru, Nairobi. Tangu hapo, mwenye shamba akiona mtu na mche kando ya maji, huona ardhi yake inakwenda. Hofu hiyo siilaumu. Sheria ya Maji ya 2016 inatupa nafasi ya kuutunza mto kwa pamoja, haitupi shamba la mtu.

Ndipo kamati ikaamua: hakuna mche unaoingia ardhini kabla mwenye shamba hajatia sahihi. Makubaliano ni karatasi moja tu. Ardhi ni yake, mavuno ya ukingoni ni yake, sisi tunaleta miche na vibarua. Mama mmoja akatuuliza, "Na ng'ombe wangu atakula nini?" Tukakaa naye tukapanga. Nepia yake, majani ya kulishia ng'ombe, imebaki, ila sasa anakata mstari mmoja na kuacha unaofuata, udongo usibaki wazi mvua ikinyesha. Chini yake, karibu na maji, tumepanda mianzi na mikuyu. Masika yalipokuja ukingo wake ulishika. Wa ng'ambo, uliolimwa sukuma wiki hadi majini, ulimeguka.

Mikaratusi bado inatugombanisha. Inanyonya maji mno na haifai kando ya chemchemi, lakini kwa mwenyewe ni nguzo za kuuza na karo ya watoto. Baadhi wamekubali kuivuna ikikomaa, kung'oa visiki visichipue, kisha tujaze miti ya kienyeji. Wanaotaka ikatwe yote sasa hivi, naomba subira yao.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Ombi langu: pesa za sherehe ya kupanda miti ziende kwenye matunzo. Miche hutufia jua la Januari na Februari, wageni wakishaondoka. Tumlipe kijana wa boma lenye shamba tulilopanda anyweshe na kupalilia. Naomba tulipigie kura leo, tuwapate hao vijana kabla ya mvua za vuli.