Pwani ya magenge hupimwa kwa maji, si kwa kilomita

Ndugu Mhariri,

Makala za safari magazetini humweleza msomaji kwamba pwani fulani ya kisiwa ina kilomita kadhaa za magenge ya miamba, mapango na vijighuba visivyofikiwa na barabara, kisha humwachia apige hesabu mwenyewe. Anayoipiga ni hesabu ya barabarani: kilomita 6, saa moja u nusu, adhuhuri tumesharudi. Hesabu hiyo ndiyo inayowanasa watu chini ya genge maji yakiwa kifuani. Sisi tunaoongoza watu katika pwani za namna hiyo tunaliomba gazeti lako lichape majira ya maji kupwa na kujaa kila siku, kando ya utabiri wa hali ya hewa.

Juu ya mchanga mgumu mtu mwenye mzigo mdogo huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Juu ya jabali la matumbawe yaliyokufa, kilomita moja kwa saa ni mwendo mzuri, na penginepo hufika nusu yake tu, kwa kuwa jicho lazima lichague pa kukanyaga kabla ya kila hatua. Basi kilomita 6 za jabali ni muda wa saa 6, na huo ni karibu muda wote wa maji kutoka kupwa hadi kujaa, yaani saa 6 na dakika 12 hivi. Anayeshuka pwani maji yalipokupwa kabisa, kwa kudhani hiyo ndiyo saa njema ya kuanza, amejipangia kumaliza safari maji yakiwa yamejaa.

Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Yagawe mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Pwani ya Afrika Mashariki, siku za bamvua, yaani maji yanapopanda na kushuka kupita kawaida, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Chukua mita 3.6: saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, na watu hujiona wana nafasi. Katika saa ya tatu na ya nne hupanda sentimita 90 kila saa. Njia iliyokuwa kavu huwa kiunoni kabla hujapata pa kupandia. Katika visiwa vingi vya Karibi tofauti hiyo haifiki hata nusu mita. Huko wa kuogopwa ni mawimbi zaidi kuliko maji kujaa.

Majira ya maji hupatikana kwa urahisi, lakini husomwa vibaya, na kosa baya kuliko yote linatuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Jedwali likisema maji yatakupwa 08:14, hiyo ni saa 2:14 asubuhi. Anayeisoma kuwa saa 8:14 mchana amekosea kwa saa 6 kamili, na saa 6 ndizo zinazogeuza kupwa kuwa kujaa. Atafika pwani wakati mbaya kuliko wote wa mchana huo. Kosa jingine ni kutoangalia jedwali limeandikwa kwa saa za wapi. Mengine hutumia saa za kimataifa za Greenwich, na hapa Afrika Mashariki lazima uongeze saa 3.

Usiishie kwenye saa, soma na kimo. Kimo huhesabiwa kutoka usawa wa chini sana wa bahari, hivyo kupwa kwa mita 0.3 kunafungua njia nyingi, na kupwa kwa mita 1.4, siku za maji mafu, yaani yanapopanda na kushuka kidogo tu, huenda kusifungue hata moja. Bamvua hufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo kwa siku moja au mbili. Maji mafu hufuata nusu mwezi. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ratiba ya juzi haifai leo. Na jedwali ni la bandari iliyotajwa juu yake. Upepo mkali unaovuma kuelekea nchi kavu, au mawimbi makubwa, huyazuia maji yasishuke hadi kimo kilichoandikwa.

Kanuni tunayoishika ni hii: sehemu mbaya kuliko zote ipitwe maji yakiwa bado yanashuka. Anza muda wa saa 2 au 3 kabla ya kupwa, na kabla ya kuondoka tia alama kwenye ramani kila mahali panapopandika hadi juu ya genge. Kama maji yamekupwa na wewe hujaivuka sehemu ile, geuka. Usitegemee kupanda genge lenyewe ukikwama. Jabali la matumbawe huchana viganja na humeguka pasipo dalili.

Kwenye tambarare ya mwamba iliyo mbele ya pwani hatari ni ya namna nyingine. Watu hutembea hadi ukingoni, mawimbi yanakopasukia, wakitazama bahari iliyo mbele yao. Maji yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao, kati ya tambarare na nchi kavu, na miguuni pao bado pakavu. Ukivuka mkondo wa magotini wakati wa kwenda, jua huo ndio mlango wako wa kurudi. Utazame huo, si ukingo.

Miamba ya pwani hizi huliwa chini na mawimbi, ikabaki juu paa lisilo na nguzo. Ukiona ufa uliokwenda sambamba na ukingo, kaa upande wa nchi kavu wa ufa huo. Chini ya paa usipumzike, hata kama ndicho kivuli pekee.

Kabla ya kushuka, tazama bahari dakika 20 nzima. Mawimbi mapana yatokayo kwenye dhoruba za mbali huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari hutulia kwa dakika kadhaa na kumdanganya mtu. Mwamba wenyewe hukuonyesha yanapofika: ukanda mweusi au wa kijani unaoteleza hupata maji mara kwa mara, na hapo si pa kusimama. Aliyechukuliwa na wimbi asipigane kurudi pale pale alipoangukia. Aogelee kwanza kutoka nje ya povu, kisha atafute mahali pa mteremko. Aliye juu atupe kamba au dumu tupu lililofungwa kizibo. Asijitose.

Malapa hayafai, vaa viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli ngumu. Mkwaruzo wa matumbawe huoza upesi kwa sababu chembe hubaki ndani, hivyo uoshwe kwa maji safi na sabuni, na chembe zitolewe hata kama kunauma. Aliyechomwa na samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikipangwa. Maji yapimwe kwa mguu usioumia, maana ulioumia hauhisi joto sawasawa. Konokono wa baharini wenye gamba la umbo la pia, zuri lenye madoa, wasiokotwe: baadhi yao wameua watu.

Maji ya kunywa ni nusu lita hadi lita moja kwa kila saa juani. Mvua hupenya jabali la chokaa kama chekeche, kwa hiyo usitegemee kijito njiani. Visiwa vya volkano vina vijito, navyo huua kwa njia yao: mvua ikinyesha milimani, kijito hufurika ghafla huku ufukweni jua likiwaka. Kijito cha Hanakapiai katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kinajulikana kwa hilo. Maji yakishafurika, ngojea yashuke, hata kwa kulala hapo.

Ombi letu, Mhariri, ni mistari minne ya gazeti kila siku: kupwa mara mbili, kujaa mara mbili. Kila mstari uwe na saa za kwetu, neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kimo kwa mita, na juu yake jina la bandari iliyopimwa. Na makala ya safari inapotaja urefu wa pwani, itaje pia pa kupandia.

Waongoza matembezi ya pwani