Hao bakteria wa umeme mmewachanganya

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Habari yenu ya vijidudu vinavyoishi kwa umeme imeandikwa utadhani ni hadithi za majini, "viumbe wa ajabu" mwanzo mwisho, ila wanaulaje huo umeme hamkusema, na hapo ndo penye utamu wenyewe.

Hata wewe unayesoma unaishi kwa umeme. Ukishakula, mwili unanyofoa elektroni, vile vichembe vinavyobeba umeme, kwenye chakula, zinapokezanwa ndani ya seli mpaka zinaishia kwenye oksijeni uliyovuta, na nguvu ya kuishi inapatikana humo njiani, ndo maana ukikosa pumzi dakika chache tu umekwisha, elektroni hazina pa kwenda. Sasa bakteria wa kwenye tope ambako oksijeni haifiki wafanyeje? Wanazitoa nje ya mwili wanazimwaga kwenye madini ya chuma au manganisi, yani wanapumua jiwe! Mmoja wao, Shewanella, alikutwa kwenye matope ya ziwa Oneida kule New York, mwanasayansi Kenneth Nealson na mwenzake wakaandika habari zake 1988, na bakteria mwingine, Geobacter, naye ana vinyuzi vya protini vinavyopitisha umeme kama waya. Wengine kinyume chake, wanazinyonya elektroni kutoka nje, hata kwenye elektrodi, yani kile kipande cha kupitishia umeme. Hao ndo walaji, wale wa kwanza ni watoaji, na nyie mmewatia kapu moja.

Ila walioniacha hoi mimi ni bakteria kebo wa kwenye tope la bahari pale Aarhus, Denmark, taarifa yao ilitoka 2012. Maelfu ya seli zimeungana mstari mmoja, uzi wenyewe unaweza kupita sentimita 1, wa chini wanakula salfidi (kemikali yenye salfa), elektroni zinapanda kwenye uzi, wa juu ndo wanapumua oksijeni kwa niaba ya ukoo mzima. Yani wewe ule, mjomba wako wa ghorofani akupumulie.

Halafu hiyo mliyoandika ya kuchaji simu kwa matope jamani punguzeni chumvi. Kwamba vijidudu vinatoa umeme mwanasayansi Potter alishaonyesha 1911, lakini betri moja ya tope inatoa chini ya volti 1 na mkondo wake kiduchu. Inatosha kuendesha kisensa, kile kifaa cha kupimia, kilichowekwa chini ya bahari, sio pasi.