Cheech Marin si vichekesho tu

Mhariri,

Kila Cheech Marin, mchekeshaji na mwigizaji wa Marekani, anapotajwa, watu hukimbilia vichekesho vya bangi alivyoigiza na Tommy Chong miaka ya 1970. Vilichekesha, sikatai. Lakini tangu miaka ya 1980 mzee huyu amekuwa akinunua michoro ya Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wakati makumbusho mengi yaliwapa kisogo wachoraji kama Carlos Almaraz na Patssi Valdez. Tena hakuifungia sebuleni kama matajiri wengine: alitoa mamia ya kazi hizo, na mwaka 2022 jumba la sanaa lenye jina lake likafunguliwa mjini Riverside, California, katika jengo lililokuwa maktaba ya umma. Hilo nalo liandikwe.

Msomaji wenu